Barua kwa mwanangu: KE70 au NZE121?

Mwanangu mpendwa,

Salaam. Corolla hizo mbili unazozitazama zimechangia jina tu. KE70, ya kizazi kilichoanza 1979, ina injini ya 4K ya cc 1290 na kabureta, na inasukumwa na magurudumu ya nyuma. NZE121 ya kuanzia 2000 ina injini ya 1NZ-FE, cc 1497, ya nozeli (zinazopulizia mafuta) na kompyuta, na inavutwa na ya mbele.

KE70 inataka mkono wako kila mara, hasa kwenye platini, swichi ndogo ndani ya distribyuta (kigawa-umeme cha plagi) inayofunguka ili cheche itoke. Kisigino cha platini kikilika, mwanya unapungua, cheche inachelewa, gari linakosa nguvu na kuchemka. Fungua kifuniko cha distribyuta, zungusha injini mpaka kisigino kikae kwenye ncha ya kemu (mhimili unaosukuma platini), legeza skrubu, pitisha kipimo cha mm 0.45, kaza, halafu pima tena, maana skrubu huvuta platini inapokazwa. Taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, iwekwe baada ya hapo, kwani ukigusa mwanya umeshaihamisha. Platini mpya zikiungua haraka, badilisha kondensa, kile kidude kinacholinda platini. Tapeti, yaani mwanya wa valvu, pima injini ikiwa ya moto: mm 0.20 upande wa kuvuta, mm 0.30 upande wa moshi. Usizibane ili kuua kelele. Valvu ya moshi isiyofunga vizuri huungua.

NZE121 haina platini. Kila plagi ina koili yake ya kuipa umeme wa cheche. Ikianza kumisi (silinda kukosa kuwaka), usikubali kuuziwa koili nne. Mashine ya kusoma makosa ikionyesha P0301, yaani silinda ya kwanza inamisi, badilishana koili ya silinda ya kwanza, iliyo upande wa cheni, na ya pili. Futa kosa, endesha. Ikija P0302, yaani kosa limehamia silinda ya pili, koili hiyo ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, tazama plagi, kisha nozeli.

Adui yake mkubwa ni oili chafu. VVT-i, mfumo unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka, huendeshwa na presha ya oili, na kichujio chake kidogo kikiziba nguvu zinapotea. Weka 5W-30, lita 3.7 pamoja na filta.

Kwa safari za kila siku ningechukua NZE121 bila kusita. KE70 ichukue kama unapenda kushika spana, na bodi iwe nzima: inua kapeti, chokoa sakafu na chini ya betri kwa bisibisi kutafuta kutu. NZE121 ikague ikiwa ya baridi. Gusa boneti kwanza, kisha iwashe usikilize cheni. Ikiendelea kugonga baada ya sekunde chache, usitoe hata arubuni.

Mzazi wako akupendaye