Kabla hujaenda kambini

Mwanangu,

Nakuandikia usiku huu sababu nikikuongelesha unacheka tu, na mimi maneno yananipotea. Keshokutwa unaenda kambini kwa timu ya NFL, ligi kubwa ya mpira wa Kimarekani, vijana 90 wanagombania nafasi 53, na wewe drafti ilikupita, timu zilipochagua vijana wapya hukuitwa, kwa hivyo najua wa kuachwa mapema ni nyinyi. Kuachwa hakunitishi. Ukiachwa rudi nyumbani, chumba chako kiko vile vile. Mimi naogopa kichwa.

Ukigongwa ukaona macho yanacheza, sema. Usingoje kwota, ile robo ya mchezo, iishe. Nakujua wewe, utanyamaza sababu kuna kijana pembeni anaingojea nafasi yako. Pale uwanjani kuna lile hema la buluu la kupimia waliogongwa na kuna daktari wa ubongo ambaye si mtu wa timu, huyo mwambie ukweli. Mike Webster alichukua Super Bowl, fainali ya ligi, mara nne na Pittsburgh Steelers, na baadaye akawa analala kwenye gari lake, akafa 2002 ana miaka 50 tu. Aliyeuchunguza ule ubongo akayaona maradhi ya kugongwagongwa kichwa ni Mnigeria, daktari Bennet Omalu. Ana mama kwao huyo Webster, na mimi ni mama.

Halafu usinunue gari. Mshahara wenyewe unaanza ligi ikianza Septemba, huko kambini ni posho, na wajomba zako wa Likoni wameshaanza kunipigia simu kama vile pesa ziko chini ya godoro langu. Nimewaambia wasubiri. Kazini kila mtu ameiona picha yako na jezi, hata wagonjwa ninaowaogesha nimewaonyesha, nimejaa furaha baba, usidhani sioni ulivyohangaika. Lakini shahada umeiacha zimebaki kozi mbili, mbili tu! Alan Page alisomea sheria hapa hapa Minnesota huku anachezea timu ya Vikings, akaja kuwa jaji wa mahakama ya juu kabisa ya jimbo hili miaka zaidi ya 20. Kichwa chake alikitunza. Nawe ukigongwa, sema.

Ile siku tunarudi na gari kutoka Duluth sina haja ya kukuhadithia, ulikuwepo. Ila hukusikia babako aliposema tupitie emajensi, na mimi nikamwambia mtoto kachoka, mwache alale, sababu Jumatatu watu wa skolashipu walikuwa wanakuja shuleni. Babako hajawahi kunirudishia neno lile. Afadhali angenirudishia.

Basi. Mahamri nimeyafunga kwenye foili, yako friza ya chini, mbaazi usizigandishe mara ya pili. Breki za gari zinalia, ukienda eapoti umwambie babako aendeshe polepole. Bibi yako paa limeanza kuvuja tena nimeshatuma kitu kidogo, mpigie kabla hujaondoka, asubuhi yetu sababu kwao ni jioni, na usimwambie mambo ya kugongwa.

Fomu za timu nimeziona juu ya meza. Pale pa mtu wa kupigiwa ukiumia umeandika namba ya mchumba wako peke yake. Sina neno naye, binti wa watu mzuri, lakini ongeza namba yangu. Shifti ya usiku simu huwa nakaa nayo mfukoni.

Mamako