Salamu za Shukrani: Mama Yetu Ametoka Hospitalini

Familia yetu inatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, marafiki na majirani wote mliosimama nasi tangu mama alipougua ghafla hadi aliporuhusiwa kurudi nyumbani. Mama anaendelea vizuri, anatembea mwenyewe, na macho yake yamekuwa meupe tena.

Shukrani za pekee ni kwa shangazi. Ndiye aliyemwambia mama atazame juu penye mwanga, akaona macho yamegeuka njano. Kabla ya hapo yalikuwa maumivu tu, chini ya mbavu za kulia, yakipanda hadi begani, hasa usiku baada ya kula, kisha yanatulia. Mama alikuwa akitumia dawa za vidonda vya tumbo. Siku ile alikuwa na homa ya kutetemeka, mkojo umekoza na mwili mzima unamwasha. Shangazi alikataa katakata tusubiri kukuche. Daktari wa zamu alitueleza kwamba maumivu hayo, homa na macho ya njano vikija kwa pamoja ni dalili ya maambukizi kwenye mirija ya nyongo, na yanaweza kuingia kwenye damu upesi. Alianzishiwa dripu na antibiotiki usiku uleule.

Mlitoa michango bila kutuuliza maswali mengi, kwa hiyo ni haki yenu kujua kilichotokea. Mama alikuwa na mawe kwenye kifuko cha nyongo. Jiwe moja liliteleza likaziba mrija mkuu unaoshusha nyongo kwenye utumbo. Madaktari walipitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, wakapanua tundu la mrija, wakalivuta jiwe na kuacha kijimrija cha plastiki ili nyongo ipite. Alipopata nguvu, kifuko chenyewe kiliondolewa kwa upasuaji wa matundu madogo. Wanaotuuliza kwa hofu ataishije bila kifuko, tunawatoa wasiwasi: ini linaendelea kutengeneza nyongo, nayo inashuka moja kwa moja kwenye utumbo.

Tunamshukuru muuguzi aliyemchoma mama sindano ya vitamini K na kutueleza sababu yake. Nyongo isipofika kwenye utumbo, mwili hushindwa kufyonza vitamini hiyo na damu huchelewa kuganda. Maelezo yake yalitutuliza kuliko anavyojua. Asanteni pia mliojitolea damu, mliokesha wodini kwa zamu, mliobaki na wajukuu, na mliomwombea mama kila mmoja kwa imani yake.

Kijimrija kile bado kimo. Kikikaa muda mrefu huziba na kurudisha maambukizi, hivyo mama tayari amepangiwa tarehe ya kwenda kutolewa. Fedha zilizobaki zimetengwa kwa kazi hiyo, na mweka hazina wa kamati atawatumia hesabu zote. Michango imefungwa rasmi. Tunaomba msitume tena. Mnaopenda kumjulia hali karibuni sana, ila kwa sasa mama anachoka mapema, basi tupigieni simu kwanza.

Si rahisi kumtaja kila mmoja wenu kwa jina. Pokeeni shukrani hizi kutoka kwa mama mwenyewe, watoto na wajukuu zake. Mungu awazidishie pale mlipopunguza.