Tone la damu lipimwe kabla mama hajatoka wodini

Ndugu Mhariri,

Mwalimu mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba watoto hawatulii darasani kwa sababu ya simu na katuni. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Mjukuu wangu wa darasa la tatu hana simu, na rimoti ya televisheni hukaa kwangu. Daftari lake limejaa hesabu zilizoishia njiani: anapanga makumi na mamoja vizuri, anajumlisha mamoja, halafu basi, mawazo yameshaondoka. Amechapwa sana kwa hilo.

Tezi yake ya thairoidi, ile ya shingoni inayotoa homoni ya kukuza mwili na ubongo, haifanyi kazi tangu azaliwe. Huku Njombe rovu tunalijua, lakini yeye shingo haikuvimba. Alikuwa kichanga wa kusifiwa: halii, analala mpaka aamshwe kunyonya. Macho yalikaa manjano wiki kadhaa, choo kigumu, ulimi mnene, kitovu kimechomoza. Kliniki wakampima uzito, wakasema mtoto mpole. Amekuja kugundulika umri wa kutembea umeshampita.

Sasa anameza levothairoksini, dawa ya kufidia homoni hiyo, kila alfajiri kabla ya uji. Vidonge vya kuongeza damu nampa jioni, maana vikikutana dawa haiingii mwilini vizuri. Amerefuka, anaongea hadi majirani wanachoka. Umakini ndio umebaki nyuma. Dawa ikianza ndani ya wiki mbili za kwanza, watoto wengi hukua kama wenzao. Ikichelewa, ubongo haungoji.

Kipimo cha kuugundua mapema ugonjwa huu ni tone la damu ya kisigino kwenye karatasi. Dk. Robert Guthrie wa Marekani alikianzisha miaka ya 1960 kwa ajili ya fenilketonyuria, ugonjwa wa kurithi ambao nao huharibu akili ya mtoto mwili unaposhindwa kuchakata sehemu ya protini. Quebec, Kanada, wakaanza kupima thairoidi kwa njia hiyo mwaka 1974. Na wauguzi wetu karatasi hizo wanazijua: ndizo wanazotumia kupima virusi vya Ukimwi kwa watoto wa wiki sita waliozaliwa na mama wenye maambukizi.

Kwa thairoidi, wiki sita ni kuchelewa. Wizara ya Afya itujibu: kwa nini tone hilo lisichukuliwe wodini, kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani? Na walimu, mtoto anayezubaa kila siku mwandikieni barua ya kwenda hospitali kabla ya kushika fimbo.

Bibi wa Makambako,
Njombe