Somo la Alhamisi: ufufuo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumamosi tulipotoka makaburini kumzika mama wa mwenzetu, dada mmoja aliniuliza, viatu bado vina udongo mbichi: "Ufufuo si ndiyo roho kwenda mbinguni?" Nilimjibu harakaharaka, na swali lake halijaniacha tangu siku ile. Kwa hiyo somo tulilopanga tunaliweka kando. Alhamisi tusome 1 Wakorintho 15 yote, mistari 58.

Paulo pale anasema juu ya mwili. Anatumia mfano wa punje ya ngano: kinachofukiwa ni punje tupu, kinachoota ni mmea. Na Luka 24 anasimulia wanafunzi walivyodhani wanaona roho, mpaka Yesu akala kipande cha samaki mbele yao.

Someni pia Yohana 11 na 20, mlinganishe. Lazaro alitoka kaburini akiwa bado amefungwa sanda, ikabidi watu wamfungue. Kwa Yesu, sanda ilibaki kaburini, na leso ya kichwani imekunjwa mahali pake peke yake. Lazaro alirudishwa kwenye maisha haya haya tunayoyajua. Yesu hafi tena (Warumi 6:9). Hapo ndipo moyo wangu hutulia, hata nikikumbuka kaburi la Jumamosi.

Tukutane saa 11 jioni nyumbani kwa mfiwa. Kina mama na vijana wenye nafasi, njooni saa 9 tumsaidie kuosha masufuria ya msiba, bado yamejaa uani.