Mwanangu hayupo tena, lakini mwili wangu bado unakesha naye: naomba ushauri

Ndugu Mshauri,

Nakuandikia kutoka Mwanza, ninakofundisha shule ya msingi, nikiomba ushauri wako na wa wasomaji wenzangu kuhusu kukosa usingizi, hali ambayo kwangu sasa imepita kiwango cha kuvumilika. Nina umri wa miaka 51, ni mke na mama, nina kisukari na shinikizo la damu, na tangu nilipofiwa na mwanangu wa kwanza mwaka jana sijalala usiku mzima bila kukatizwa. Hupanda kitandani saa nne, nikapitiwa na usingizi mwepesi, kisha kati ya saa saba na saa nane macho hufunguka kabisa, na kuanzia hapo hadi alfajiri huwa nimelala chali nikisikiliza. Sihesabu madeni wala siwazi ya kesho kama wengi wanavyodhani. Ninasikiliza tu, nikiwa macho kana kwamba kuna mtu atakayeniita.

Kijana wangu alizaliwa na seli mundu, ugonjwa wa kurithi wa damu. Wenzangu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji maelezo mengi, kwani Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu, na huku kwetu ni nadra kukuta ukoo usioujua. Mimi na baba yake sote tulikuwa tumebeba vinasaba vyake bila kujua, kwa kuwa mbebaji haumwi, na tulielewa hali yetu baada ya mtoto kuvimba vidole vya mikono na miguu kabla hajatimiza mwaka. Tangu hapo maisha ya nyumba yetu yalifuata ugonjwa: foliki asidi kila siku, maji mengi, sweta wakati wa baridi, chandarua bila kukosa, na baadaye haidroksiyurea, ambayo ilimpunguzia sana maumivu katika miaka yake ya sekondari. Hata hivyo maumivu yalipokuja, mara nyingi yalianza usiku, kwa sauti ndogo sana, kwa sababu alikuwa mtoto asiyependa kumwamsha mtu. Nilijifunza kuitambua pumzi yake ikibadilika upande wa pili wa ukuta. Nilijua mguno wa ndoto na mguno wa mifupa, na nilikuwa nimeshasimama kabla hajamaliza kugeuka. Chupa ya chai ilijazwa maji ya moto kila jioni, mkoba wenye kadi za kliniki na bima ulitundikwa nyuma ya mlango, na namba ya kijana wa bajaji aliyekubali kuja saa yoyote ilikuwa ya kwanza katika simu yangu. Niliishi hivyo kwa miaka 17 na sikuwahi kuona kuwa ni mzigo, maana kila mara niliposikia mapema tulifika hospitali mapema.

Mara ya mwisho alilazwa kwa maumivu ya kifua na homa. Aliwekewa oksijeni, akaongezewa damu, na siku ya tatu alikuwa akizungumza na kuulizia matokeo ya mpira. Muuguzi aliniona ninavyoyumba kwa uchovu, akaniambia kwa upole niende nyumbani nikalale, shangazi yake atabaki naye. Nililala usingizi mzito ambao sikuwa nimeupata kwa miaka mingi, na simu ya kunijulisha kwamba hali imebadilika ilinikuta katika usingizi huo, karibu saa kumi na moja. Nilipofika alikuwa ameshatutoka. Madaktari walinieleza kwa utulivu kwamba damu iliyoganda kwa ugonjwa huo ilikuwa imeziba mishipa ya mapafu, na kwamba kuwepo kwangu kando ya kitanda kusingebadilisha lolote. Akili yangu imeyapokea maelezo hayo na inayaamini. Mwili wangu ndio uliokataa, na unaponiamsha saa nane usiku hauniulizi ninaamini nini.

Naomba nieleze pia hali yangu ya kiafya, kwa sababu sijui tena kipi kimekitangulia kingine. Kisukari changu kiligundulika miaka michache kabla ya msiba na kilikuwa kimetulia kwa metfomini. Sasa sukari ya asubuhi kabla ya kula haishuki chini ya 10, na siku mbaya inafika 12. Presha ambayo ilikuwa ikidhibitiwa kwa kidonge kimoja ilisomwa 168 kwa 102 kliniki, nikaongezewa dawa ya pili, nayo ni ya kukojoza. Mwanzoni niliimeza jioni, ikawa inanitoa kitandani kila mara, hadi mfamasia aliponishauri niihamishie asubuhi, na kwa kweli safari za chooni zimepungua. Nyayo zangu huwaka moto usiku, jambo ambalo mchana silisikii, na daktari alisema ni mishipa ya fahamu iliyoathiriwa na sukari. Alinipa amitriptilini, dozi ndogo ya kumeza jioni, akitumaini kwamba itatuliza miguu na kuleta usingizi kwa pamoja. Miguu ilipata nafuu kidogo, lakini asubuhi niliamka kinywa kikiwa kikavu na kichwa kizito, nikawa nashindwa kusimama mbele ya darasa la nne lenye watoto zaidi ya themanini, hivyo tukaiacha. Daktari huyohuyo alinieleza kwamba mtu anapolala presha yake kwa kawaida hushuka, na kwamba kukosa usingizi kunaufanya mwili uitumie insulini vibaya. Kwa hiyo ninakesha na ugonjwa unazidi, kisha ugonjwa ukizidi unanikosesha usingizi, na sijui ni wapi pa kuukata mzunguko huo.

Jambo ninaloliogopa zaidi kwa sasa ni diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Niliandikiwa wiki ya mazishi, miligramu 5 usiku, kwa siku chache, na zilinisaidia kuvuka matanga. Ziliendelea kupatikana kwa urahisi katika duka la dawa la mtaani, nami nimeendelea kuzimeza, sasa zikiwa mbili kwa usiku, kwa sababu kimoja hakifanyi kazi tena. Nikiruka usiku mmoja mikono hutetemeka, moyo hudunda na usingizi hupotea hata ule mdogo. Nimesoma kwamba dawa hii hubaki mwilini zaidi ya siku nzima, ndiyo maana mchana ninakuwa mzito na kusahau majina ya wanafunzi niliowafundisha miaka miwili, na kwamba kuiacha ghafla kunaweza kuleta hata degedege. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na hulala nyumbani kwa nadra, aliporudi safari iliyopita alinieleza kwamba ninakoroma sana na kwamba kuna nyakati pumzi hukatika kabisa, kisha ninashtuka kwa nguvu. Nilipomsimulia muuguzi wa kliniki ya presha alishtuka kuliko mimi, akasema kama pumzi inakatika usingizini basi diazepamu inaweza kuwa hatari, na kwamba kukatika huko kwa pumzi peke yake kunaweza kuipandisha presha isishuke kwa dawa. Hakuendelea zaidi kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, na daktari niliyemwona siku hiyo alikuwa na nafasi ya kunibadilishia vidonge tu.

Watu wananipenda, na sitaki ionekane kwamba ninawalalamikia. Wanajumuiya wamekuja kusali nami, misa ya kumwombea imesomwa, na sala hizo zinanipa nguvu ya kuikabili siku. Lakini karibu kila anayekuja huniambia niache mawazo, nimshukuru Mungu kwa binti aliyebaki, nikubali kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Wifi yangu anaamini kuna mkono wa mtu na ameshanitafutia mganga. Nilimkatalia kwa heshima. Jirani ananishauri glasi ya bia kabla ya kulala, nami ninajua kwamba pombe humlaza mtu mapema na kumwamsha usiku wa manane, mbali na kwamba kuichanganya na vidonge ninavyotumia ni kucheza na kifo. Ninachotamani kuwaeleza wote, ila sipati nafasi, ni kwamba sijakataa kifo cha mwanangu. Nimekubali. Nimegawa nguo zake na vitabu vyake. Binti yetu amepimwa, hana ugonjwa, analala fofofo chumba cha pili, na hakuna tena mtu nyumbani anayehitaji masikio yangu usiku. Nashangaa kuona kwamba mtu anaweza kukubali mchana akakataa usiku, na ningependa anayelielewa jambo hili anieleze bila kuniambia kwamba imani yangu ni ndogo.

Nikiwa mwalimu nimejaribu kujisomea. Nimejifunza kwamba mtu akikosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, tatizo hilo huhesabiwa kuwa ugonjwa unaostahili tiba yake hata kama lilianzishwa na huzuni, na kwamba huweza kubaki hata chanzo kinapopoa. Nimesoma pia kwamba mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri mtu mzima mwenye kukosa usingizi kwa muda mrefu aanze na tiba ya mazungumzo na kubadili mazoea kabla ya vidonge. Katika tiba hiyo mtu huamka saa ileile kila siku, hupanda kitandani akiwa na usingizi tu, usingizi usipokuja huondoka kitandani hadi utakapomjia, na muda wa kukaa kitandani hupunguzwa ulingane na saa anazolala kweli, bila kushuka chini ya saa tano, kisha huongezwa taratibu.

Nilifarijika kuona kwamba kuna njia, lakini nilipotaka kuifuata nilikwama kwenye mambo ya kawaida kabisa. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule. Sebuleni wanalala wapwa wawili wanaosoma hapa mjini, chumba cha pili ni cha binti, ambacho kilikuwa cha kaka yake. Nikiondoka kitandani saa nane usiku sina pa kwenda isipokuwa jikoni au uani, na uani ukikaa peke yako saa hizo watu wana tafsiri zao. Vilevile kitanda changu kimesogezwa kwenye ukuta unaopakana na chumba kile tangu mtoto akiwa mdogo, ili nimsikie. Nimewaza kukihamisha, na mara mbili nimeshindwa kushika upande wake nikakiinua. Kuhusu mtaalamu, niliulizia hospitalini nikaelekezwa kliniki ya afya ya akili, na hapo ndipo woga mwingine ulipoanza. Hapa kwetu anayeonekana kwenye benchi la kliniki hiyo hutajiwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, kwa mzaha siku hiyohiyo, na mwalimu mkuu wangu, mtu mwema, alinitahadharisha kwa nia njema kwamba wazazi wakisikia watasema watoto wao wanafundishwa na mgonjwa wa akili. Kwa upande wangu sioni aibu katika ugonjwa wowote, nimelea ugonjwa maisha yangu yote. Ila mshahara wangu ndio unaolisha nyumba hii mume anapokosa safari.

Kwa hiyo, Ndugu Mshauri, ninaomba unisaidie kwanza juu ya diazepamu: je, niipunguze kwa utaratibu gani, na ni lazima nifanye hivyo chini ya daktari wa aina gani, kwa kuwa mtetemo ninaoupata unanitisha? Pili, huku kukatika kwa pumzi kunapimwaje kwa mtu wa mkoani, na nianzie kwa daktari wa presha au wa masikio, pua na koo? Ningependa pia kujua kama kupunguza saa za kitandani ni salama kwa mwenye sukari isiyotulia, maana ninaogopa kujilazimisha kukesha zaidi ya ninavyokesha. Nao wasomaji waliowahi kumlea mgonjwa wa muda mrefu kisha wakampoteza, awe mtoto, mzazi au mwenza, nawaomba waniambie masikio yao yalipumzika baada ya muda gani na kwa njia ipi, na kama kuna aliyekwenda kliniki ya afya ya akili akiwa mtumishi wa umma, alimwambia nani kazini na alipokelewaje.

Hilo la kitanda pia naomba lisipuuzwe. Mume wangu anarudi mwisho wa mwezi na yuko tayari kukihamisha, lakini ameniomba niseme mimi mwenyewe siku nitakapokuwa tayari, na ningependa kupata maoni yenu kabla hajafika.

Wako katika kutafuta nafuu,
Mwalimu, Ilemela, Mwanza