Rangi ya kucha na miche ya mjomba

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Za Bagamoyo? Ile chupa ya rangi ya kucha uliyoisahau kwangu usiiulize tena. Imekwisha, na kucha zangu ziko vilevile. Nimepaka majani ya mibuni.

Mjomba alinunua miche 60 akapande Amani, muuzaji akamwapia kuwa ni kahawa ya aina ya arabika tupu. Mwaka wa pili majani yakatoka mapana, yamekunjamana kama leso isiyopigwa pasi, akaanza kunong'onezwa kuwa hiyo robusta, aina nyingine ya kahawa. Lakini jani la kivulini nalo hutanuka, upana peke yake si ushahidi. Akaniletea mfuko mzima: "Mwalimu, tuamulie."

Nikapaka, nikaacha ikauke, nikaibandua kwa selotepu, nikaweka kwenye hadubini. Tupu kabisa! Nusu saa nahangaika na lenzi, kumbe nimepaka upande wa juu, na stomata za mbuni, vile vitundu vya jani vya kupumulia, zote ziko chini. Mwalimu wa bailojia miaka 11 mimi. Ole wako umwambie mtu.

Nilipogeuza jani, mambo yakawa wazi. La arabika nililoagiza Lushoto lina stomata kubwa, zimeachana. La mjomba ni vitundu vidogo vimesongamana kama abiria wa daladala ya Raskazone asubuhi. Na sababu yake tamu: arabika ni mtoto wa robusta na mbuni mwingine, eugenioides, akarithi kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) zote za wazazi wawili, 44 badala ya 22 za robusta. Seli yenye mzigo huo hunenepa, na stomata nene hazijazani. Wingi wake hupanda na kushuka kwa jua na kivuli, kwa hiyo mimi huamini zaidi ukubwa.

Basi ni robusta. Mjomba kanuna siku mbili, na muuzaji hapokei simu. Nikamwambia Wajerumani nao walipanda arabika huko huko Usambara Mashariki miaka ya 1890, ikawashinda. Huenda katapeliwa kwa heri.

Sasa sikia. Misitu ya pwani ina mibuni ya mwitu, na mmoja, kwa jina la kisayansi pseudozanguebariae, hauna kafeini kabisa! Ukimpata mzee mwenye mbuni wa mwitu shambani kwake, muombe majani matatu yaliyokomaa, uyabane ndani ya gazeti. Na chupa nyingine ya rangi, ile isiyo na rangi. Nyekundu usilete, haionyeshi kitu.

Wako,
Zuhura