Kabla hujalipa kodi ya miezi sita: barua kwa mwanangu anayehamia Dar

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Huku Tukuyu sote wazima. Mvua haijakata, mama yako yuko shambani tangu asubuhi, na bibi yako ameniagiza nikuandikie kwamba anakuombea. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Umepata kazi Posta, katikati ya mji, unaripoti mwanzoni mwa mwezi ujao, na swali lako ni moja tu: "Baba, nikapange wapi?" Nilitaka kukupigia, nikaona simu haitatosha.

Unajua nilifika Dar mwaka 1997, nikawa konda, baadaye nikashika usukani. Njia yangu ya mwisho ilikuwa Kimara–Posta, mpaka Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza na daladala zikaondolewa kwenye barabara ile. Miaka yote hiyo ninyi mlikuwa huku na mama yenu. Wewe ulikuja mara mbili tu, wakati wa likizo, ukalala kwa shangazi yako Tabata. Vyumba nilivyokuwa naishi hukuviona. Sikutaka mvione. Leo nitakueleza habari zake, kwa sababu yote ninayojua kuhusu kuchagua mtaa niliyajua kwa kulala ndani ya vyumba vile.

Cha kwanza kilikuwa Kigogo, upande wa bondeni, karibu na Mto Msimbazi. Nilikipata mwezi wa saba, udongo umekauka, upepo unapita vizuri, na kodi ilikuwa nusu ya niliyotajiwa Magomeni. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa. Ila chokaa ya chini, kutoka sakafuni mpaka usawa wa goti langu, ilikuwa mpya kuliko ya juu, na pale zilipokutana palikuwa na mstari wa rangi ya chai, umenyooka sawasawa, umezunguka chumba kizima. Nikadhani ndivyo fundi alivyopenda kupaka. Mwisho wa mwaka ule zikaja mvua za El Niño. Usiku mmoja niliamshwa na kitu kinagonga mguu wa kitanda, ko, ko, ko. Ilikuwa ndoo yangu, inaelea. Godoro, nguo na vyeti vyangu vya shule vikaenda na maji. Yalipopungua nikauona mstari mpya ukutani, juu ya ule wa zamani kwa viganja viwili.

Desemba 2011 nililiona tena bonde lile lile likijaa. Safari hiyo nilikuwa juu, salama, na watu walikuwa juu ya mapaa pale Jangwani wakisubiri kuokolewa. Watu walikufa. Walionusurika wengi serikali iliwapeleka Mabwepande, mbali kabisa na mjini, wakaanze upya. Sisi wa Rungwe tumezoea mvua, huku inanyesha, inateremka mlimani, inakwenda zake. Dar maji yanashuka kutoka Pugu na Kisarawe, yanakuta mji umejengwa juu ya njia yao.

Kwa hiyo chumba chochote utakachoonyeshwa, inama. Angalia ukuta kwa chini. Angalia kizingiti pia: ukiona mlango umejengewa ukuta mdogo wa saruji wa kuruka kwa mguu, ujue mwenye nyumba ameshakutana na maji. Halafu toka nje, nenda kwa mama wa genge, nunua nyanya, muulize masika maji yanafika wapi. Dalali usimuulize, maana yeye analipwa ukiingia, na hatakuwepo maji yakiingia.

Sasa safari. Hapa nisikilize kama dereva.

Watu wengi wanapima mtaa kwa asubuhi. Mimi nakuambia pima kwa jioni. Asubuhi mwili una nguvu, unaweza kuamka saa kumi ukawahi. Jioni umechoka, giza linaingia, na Dar nzima inataka kurudi nyumbani kwa wakati mmoja. Nimewabeba abiria waliokuwa wanageuza na gari: mtu anapanda gari likiwa linaelekea upande mwingine, si kwake, anazunguka nalo mpaka mwisho wa njia, analipa nauli mara mbili, ili mradi apate kiti. Niliwaona wasichana wa umri wako wamelala wameegemea kioo, kila siku, mwaka hadi mwaka. Hao hawakuwa wanaishi mbali kwa kilomita. Mtaa wao ulikuwa na barabara moja tu ya kuingilia.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya hivi. Siku ya Ijumaa, saa kumi na moja na nusu jioni, simama Posta ukiwa na mkoba wako kama mtu aliyetoka kazini. Panda gari la kwenda huko unakotaka kupanga. Shuka kituo chenyewe, tembea kwa miguu mpaka mlangoni. Angalia saa. Angalia kama njia ina taa, kama maduka bado yako wazi, kama kuna akina mama wanakaanga samaki na kuuza chapati. Pakiwa na jiko la mkaa linalowaka saa mbili usiku, pana macho. Njia yenye kuta ndefu na mageti tu ndiyo inayonitia wasiwasi, hata kama nyumba zake ni nzuri.

Umesema rafiki yako amekuonyesha nyumba Mbezi, ina fensi, ina vigae, na kodi ni nafuu. Kwanza muulize Mbezi ipi. Kuna Mbezi Beach, upande wa barabara ya Bagamoyo, na kuna Mbezi ya Kimara, kwenye barabara ya Morogoro, kule kwenye stendi ya Magufuli utakakoshukia na basi la kutoka huku. Ni pande mbili tofauti kabisa za mji na wageni wengi hupotezwa na jina. Pili, muulize kutoka barabarani ni umbali gani. Akisema dakika tano, muulize dakika tano za nini. Mara nyingi ni dakika tano za bodaboda. Tuseme bodaboda ni shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, siku 26 za kazi: hiyo ni 52,000 kila mwezi juu ya kodi, na bado hujapanda gari la kukufikisha Posta. Chukua hizo 52,000 uziongeze kwenye kodi, usogee karibu na kituo.

Mwendokasi ndio ulionirudisha nyumbani, na kwa muda nilikuwa na uchungu nao. Lakini wewe ni mwanangu, nitakuambia kilicho kweli: kazi yako ikiwa Posta, kaa kwenye njia yake, mahali unapofika kituoni kwa miguu. Shekilango, Mwembechai, Manzese, au Kimara za kati kama Baruti na Bucha. Asubuhi mabasi yanajaa, utasimama, utabanwa. Ila yana barabara yake, na usiku hutahangaika unashuka wapi. Jambo moja tu: mvua kubwa zikifunga Jangwani, njia hiyo inakatika. Siku hiyo shika barabara ya Kawawa mpaka Morocco, uingie mjini kwa Ali Hassan Mwinyi. Ijue kabla hujaihitaji.

Sinza nayo ni nzuri. Viwanja vyake vilipimwa miaka ya 1970, ndiyo maana mitaa imenyooka na gari linaingia. Ina baa nyingi, kwa hiyo nenda Jumamosi saa nne usiku usikilize ukiwa umesimama mbele ya dirisha la chumba chenyewe. Kijitonyama na Mwananyamala ziko karibu na hapo, ziangalie. Kigamboni ni pazuri, bahari, hewa, na Daraja la Nyerere lipo tangu 2016. Lakini ni maji kati yako na kazi, na foleni ya pantoni jioni naijua. Nenda huko ukishakuwa na uzoefu. Masaki usijisumbue nako kwa mshahara huu wa kuanzia.

Kwa shangazi yako Tabata, fikia hapo kwanza, amekubali na anakusubiri. Kaa mwezi mmoja, si zaidi ya miwili. Shangazi anakupenda, lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kwa hiyo lishike jembe mapema: osha vyombo, changia luku, peleka unga. Huo mwezi ndio wa kuzunguka. Usipange ukiwa Tukuyu kwa kutumiwa picha. Picha haina harufu wala sauti.

Maji nayo yaulizie kwa makini. Usiulize "kuna maji?" Kila mtu atakujibu yapo. Uliza yanatoka siku gani na saa ngapi. Uliza kama ni ya DAWASA au ya kisima, na kama ni ya kisima yaonje, maana sehemu nyingi yana chumvi, chai inakataa na sabuni inakataa. Halafu angalia kwenye korido. Ukikuta kila mlango una madumu manne ya lita 20 yamejipanga, umeshajibiwa. Mwaka 2022, Oktoba, Mto Ruvu ulipungua, mji mzima ukawa wa mgao, na waliopona ni wenye tenki kubwa. Nyumba yenye simtanki kubwa, lipa hata zaidi kidogo. Umeme vilevile: tafuta chumba chenye mita yako mwenyewe ya luku. Nimeona majirani wa miaka mingi wakinuniana kwa sababu ya pasi na friji.

Pesa. Wenye nyumba wengi watataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Chumba cha 150,000 kwa hiyo kinakutaka uwe na 1,050,000 mkononi. Tumeshakaa na mama yako, tutakuongezea. Lakini omba kwanza miezi mitatu, kwa heshima, wapo wanaokubali. Na usimpe dalali hela ya kodi. Mwaka 2001 nilimpa dalali mmoja pale Ubungo, nikaja na godoro langu kichwani nikakuta watu wengine wawili mlangoni, kila mmoja na godoro lake, na sisi sote tulikuwa tumelipia chumba hicho hicho. Mwenye nyumba hakuwa na habari na hata mmoja wetu. Kwa hiyo muone mwenye nyumba mwenyewe, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa, mkataba usainiwe pale mbele ya mwenyekiti. Ukishahamia, mfuate mjumbe umsalimie na ujiandikishe. Usione aibu. Siku ukiibiwa au ukipata tatizo, huyo ndiye atakayekuandikia barua.

Limebaki jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, nimelichelewesha kwa sababu linanigusa.

Mwaka 2003 nilikuwa nimepanga Manzese, nyumba ya vyumba sita, korido katikati, choo na bafu uani. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akichoma vitumbua uani kila alfajiri saa kumi, ndio muda ninaotoka kwenda kuchukua gari. Hatukuwa marafiki. Tulisalimiana tu. Siku moja malaria ilinipanda kichwani usiku, sikuweza kuamka. Yule mama hakusikia komeo langu likifunguka. Akageuza vitumbua, akasubiri, bado hakusikia. Akaacha karai motoni, akaja kugonga, na nilipokosa kujibu akawaita vijana wakausukuma mlango. Walinipeleka Mwananyamala kwa teksi, nauli walichangishana wao. Ninyi na mama yenu mlipata habari siku ya nne, nikiwa nimeshaanza kula uji.

Ninyi mlikuwa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Nasi tutakuwa mbali na wewe hivyo hivyo. Ndiyo sababu nakuomba, mama, hiyo nyumba ya peke yako yenye geti, iache kwanza. Tafuta chumba master, ili choo na bafu viwe vyako, lakini ndani ya nyumba yenye wapangaji wengine wachache, na mwenye nyumba akiwa anaishi hapo hapo ni vizuri zaidi. Najua utaniambia watakufuatilia, watahesabu wageni wako, watajua umepika nini. Ni kweli, watafanya hivyo. Wewe ni mtu mzima na maisha yako ni yako, sitakuingilia. Nataka tu awepo mtu anayelijua komeo lako.

Vitu vya kwenda navyo mama yako ameshaanza kufunga: mchele wa Kyela, ndizi mbichi, maparachichi. Mpe shangazi nusu.

Ukishapata chumba niandikie. Usiniandikie kodi wala rangi ya vigae. Niandikie jina la kituo unachoshuka, ukishashuka unageuka kulia au kushoto, duka gani liko kwenye kona, na milango mingapi kabla ya kufika kwako. Barabara zile nazikumbuka. Jioni saa kumi na mbili nitakuwa nimekaa hapa barazani, nataka niwe najua umefika wapi.

Ni mimi baba yako.